Jinsi Sangale Ilivyopimwa Unyonge

Msomaji asihangaike kuitafuta Jamhuri ya Sangale kwenye ramani. Haipo, na kama ipo basi iko mbali sana na kwenu, na viongozi wake hawafanani hata kidogo na wale mnaowafahamu. Naeleza mambo yake kwa sababu yamenikaa kooni, wala sina ugomvi na mtu.

Katika nchi hiyo aliishi mtakwimu mmoja aitwaye Eliwaza Mkangara, mwanamke wa miaka arobaini na miwili, mwenye miwani, shahada mbili na meza isiyo na droo. Aliajiriwa katika Wizara ya Unyonge na Matarajio. Wizara ilijengewa ghorofa tisa, maana unyonge wa Sangale ulikuwa mwingi na ulihitaji nafasi. Ghorofa ya kwanza ilishughulikia ukame, ya pili mafuriko, ya tatu nzige, na kuendelea hivyo mpaka ya tisa alikokaa Waziri, Mheshimiwa Kasimbazi Lutengo. Yeye hakushughulikia jambo lolote mahususi, kwa kuwa lifti ilikuwa mbovu na hakuna faili lililowahi kumfikia. Mwenyewe alipandishwa kila asubuhi kwa kiti, na vijana wanne wenye ajira ya kudumu.

Jumatatu moja ikaja barua kutoka Baraza la Mataifa Yenye Huruma. Baraza liliungama kwamba kwa miaka arobaini lilikuwa likizipima nchi kwa mali zake, na kwamba limegundua hiyo si haki, kwani nchi inaweza kuwa na mali na bado kimbunga kimoja kikaipeperusha. Sasa limeazimia kutunga Kipimo cha Haki cha Unyonge, chenye alama sifuri mpaka mia, nayo Sangale imepewa heshima ya kuwa miongoni mwa nchi sita za majaribio. Nchi itakayopata alama sitini na kuendelea itajengewa kitu kimoja, kile inachokihitaji kuliko vyote. Itakayopungukiwa itapewa cheti.

Waziri aliitisha mkutano wa wafanyakazi wote.

"Ndugu zangu," alisema, akijifuta jasho ambalo bado halijatoka. "Kwenye riadha tumeshindwa. Kwenye mpira tumefungwa na nchi ambayo nusu yake ni barafu. Lakini kwenye unyonge, nani wa kutugusa? Nataka Sangale iwe ya kwanza duniani! Tukishika nafasi ya pili, kuna mtu atanieleza!"

Watu wakapiga makofi. Hapo akaingia mjumbe na kijikaratasi kutoka Ikulu. Mtukufu Rais alikuwa anamkumbusha Waziri kwamba uchaguzi ni mwezi wa kumi, na kwamba kaulimbiu ya chama ni "Sangale Imara". Waziri alikisoma, akanywa maji, akaendelea bila kubadili sauti:

"Na tutakuwa wanyonge kwa uimara wa hali ya juu kabisa!"

Makofi yakazidi.

Fomu ya Baraza ilikuwa na mstari mmoja wa kujazwa, ule wa kitu kinachohitajika kuliko vyote. Waziri alishasema anataka ukumbi wa kimataifa wa kujadili unyonge, wenye viti vinavyozunguka. Fomu akampa Eliwaza ajaze, kwa kuwa ana mwandiko mzuri. Eliwaza aliiweka mezani, akaitazama mpaka chai ikapoa. Kisha akaandika: "Tuta la mto Ngwesa, Bonde la Mirungwe." Mwandiko ukatoka mzuri kama kawaida. Waziri akatia saini bila kusoma, kama ilivyo desturi ya wizara ile, fomu ikaenda.

Mirungwe ndiko alikozaliwa. Ndiko alikoishi mama yake, Bi. Namsifu, peke yake, katika nyumba ya vyumba viwili iliyoupa mto mgongo. Tuta lililokuwa likiuzuia mto lilipasuka masika matatu yaliyopita, na tangu hapo maji yalikuwa yakiingia ndani kila mwaka. Mwaka wa kwanza yaliishia kwenye vifundo vya miguu, wa pili magotini, na mwaka jana yalipanda kitandani. Eliwaza alikwisha kumchukua mama yake akae naye mjini. Bi. Namsifu alikaa siku kumi na moja, akafunga kanga zake, akasema hawezi kuishi mahali ambapo mtu anapita mlangoni pako bila hata kukusalimia.

Masika yalikuwa yamebakiza miezi sita.

*

Profesa Halvdorn alitumwa na Baraza kuja kusimamia kazi. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye mapenzi ya kweli na haki. Haki ilimkosesha usingizi na kumharibia tumbo. Kamati ya kutunga Kipimo ilikaa siku sita. Siku ya kwanza walijadili maana ya neno "nchi". Siku ya pili walijadili kama chakula cha mchana ni sehemu ya kikao. Siku ya tano wakakubaliana kwamba unyonge utapimwa kwa kuwauliza wananchi wenyewe, maswali yaleyale, kwa maneno yaleyale, katika nchi zote sita, na kwamba litakaloandikwa ni jibu la kwanza tu.

"Kwa nini la kwanza tu?" aliuliza Eliwaza.

"Kwa sababu wapo watu wenye ufasaha na wapo wasio na ufasaha," alisema Profesa. "Tukiruhusu maelezo, msemaji hodari ataonekana mnyonge kuliko bubu. Haki iko wapi?"

Kamati nzima ikaguna kwa kukubali. Eliwaza akapewa kazi ya kutunga dodoso, maswali themanini na manne. Wizara nzima haikuwa na mtu aliyeijua kazi hiyo kama yeye, na aliifanya kwa moyo wote. Aliuliza habari za visima, za maghala, za umbali wa zahanati, za mara ngapi mtu amehama na ameacha nini. Lakini alipoyasoma yote kwa sauti aliona kuna kitu kimekosekana. Hakuliona kuwa sawa jambo la karani kuingia kwenye ua wa mtu mzima na kumkabili, "Je, mmewahi kulala na njaa?" Hakulelewa hivyo.

"Profesa, kwetu mazungumzo hayaanzi na shida," alisema. "Kwanza unasalimia."

"Kwa maneno gani?"

"Habari za nyumbani. Habari za watoto. Habari za shamba. Habari za mvua. Habari za safari. Kule bondeni unauliza pia habari za mto."

Profesa alikuwa akiandika mbio mbio. "Lakini haya ni maswali."

"Ni salamu."

"Yana alama ya kuuliza?"

"Yanayo."

"Basi ni maswali," alisema Profesa kwa furaha, akayaweka yote mwanzoni, akayaita Sehemu A. Kila salamu ikapewa visanduku viwili, kimoja cha Nzuri na kingine cha Mbaya.

Eliwaza aliviona visanduku vile. Aliviona, akajisemea kwamba havina madhara, kwamba uzito wote utakuwa kwenye Sehemu B yenye visima na maghala, na kwamba jambo kubwa ni wazee wasivunjiwe heshima. Akanyamaza. Hapo ndipo alipokosea, na nasema waziwazi kwa sababu yeye mwenyewe alikuja kulisema jambo hili mbele za watu.

*

Ilipotangazwa kwamba Profesa atazuru Mirungwe, Mkuu wa Wilaya hakulala. Mgeni wa kimataifa hawezi kuonyeshwa uchafu. Aliagiza chokaa, na nyumba zote za bondeni zikapakwa kuanzia chini mpaka pale alama ya maji ilipoishia ukutani, kwa hiyo bonde zima likapendeza, na urefu wa mafuriko ukajulikana vizuri kuliko zamani. Palipopasuka tuta alipafunika kwa vitambaa vya rangi za taifa.

Bi. Namsifu naye alijiandaa. Alikwenda kwa katekista, juu kilimani, akaazima kiti chenye mito, akakiteremsha mwenyewe kichwani. Akachinja jogoo. Hakuwa na jogoo mwingine.

Msafara ulifika saa nne asubuhi. Karani alikuwa Bwana Tuvako, kijana mwenye mke na watoto wawili, viatu vimepasuka, adabu tele.

"Shikamoo mama," alisema.

"Marahaba, baba. Mbona mmemsimamisha mgeni juani? Huyo mrefu. Mkalisheni."

Profesa akakalishwa kwenye kiti cha katekista. Tuvako akafungua dodoso.

"Habari za nyumbani, mama?"

"Nzuri."

"Habari za shamba?"

"Nzuri tu, ila mahindi yalikwenda na maji."

"Habari za mto?"

"Nzuri, baba. Mwaka jana ulipanda hapa kitandani, ukakaa siku nne, ukaondoka wenyewe bila kusukumwa."

Profesa akainama kwa Eliwaza. "Amejibu nini?"

"Amejibu... nzuri. Lakini anaendelea, Profesa, sikiliza anavyo..."

"Nzuri," alirudia Profesa, na Tuvako akatia tiki.

Eliwaza aliinuka, akamshika mama yake mkono, akampeleka jikoni kana kwamba wanakwenda kutazama nyama.

"Mama, nakuomba kitu. Nitamwambia arudie kukuuliza habari za mto. Sema mbaya. Neno moja tu."

"Mbaya?" Bi. Namsifu alimtazama. "Kwani nimekufa?"

"Wakiandika mbaya tunajengewa tuta."

"Eli. Mtu ametoka kwao, amepanda ndege, hata kiti hajakikalia vizuri, nimtupie mto mzima mapajani? Amenikosea nini?"

"Ndiyo kazi yake, mama. Analipwa asikie."

"Basi ale kwanza. Akishiba nitamweleza taratibu." Mama akageuza nyama, akapuliza moto, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Na wewe je? Kila Jumapili unanipigia simu, unaniuliza habari za huku. Ningekuwa nakujibu mbaya, ungekuwa unalala huko mjini?"

Eliwaza aliinama, akasogeza kuni. Miaka mitatu ya Jumapili alikuwa akiisikia ile "nzuri", na alikuwa akiiamini kwa sababu ilimfaa kuiamini. Aliona aibu, aibu ya kweli, ya kumfanya mtu mzima atazame majivu.

Profesa alikula, akashiba, akasifu. Ndipo Bi. Namsifu akaanza kueleza. Alieleza kwa saa nzima, bila haraka, mikono mapajani: jinsi maji yanavyotangulia kunusa chini ya mlango kabla hayajaingia, jinsi jirani yake alivyoondoka akiwa bado juu ya kitanda chake na hajaonekana mpaka leo, jinsi wanavyofunga mbuzi kwenye paa na mbuzi wanavyolia. Eliwaza alitafsiri. Profesa alilia. Nasema kweli, alilia machozi, akavua miwani akaipangusa, akamshika Bi. Namsifu mikono yote miwili na kumwahidi kwamba atarudi kumwona.

Lakini dodoso lilikwishafungwa. Jibu la kwanza lilishatiwa tiki, na yaliyofuata yalikuwa maelezo. Tuvako peke yake, kwa kuwa naye ni mtoto wa watu, hakuweza kuacha mzee aseme halafu asiandike chochote. Aliandika kwa penseli pembeni mwa karatasi, kwenye ile nafasi nyeupe isiyo na kazi: "Ila mahindi yamekwenda. Ila jirani hajaonekana."

Siku hiyo Tuvako alifanikiwa kufika nyumba tatu. Huko Mirungwe huwezi kumsalimia mtu ukaruka mkwe wake, na ukishamaliza wakwe unaletewa uji. Swali la visima halikufikiwa na mtu yeyote.

*

Madodoso elfu tisa yalirudi wizarani. Sehemu A ilijazwa yote, nchi nzima, bila pengo. Sehemu B ilikuwa karibu tupu, kama uwanja wa mpira siku ya mtihani.

"Kipimo cha haki hakiwezi kusimama juu ya mapengo," alisema Profesa. "Kila sehemu itapewa uzito kulingana na ilivyojazwa. Sehemu A itabeba tisini na sita katika mia."

"Profesa, Sehemu A ni salamu!"

"Ni takwimu bora kuliko zote nilizopata kuziona. Wamejibu wote, Bi. Eliwaza. Kwetu hatupati hivyo hata kwa kuwatishia faini."

"Wamejibu wote kwa sababu ni salamu! Huwezi kukuta mtu amefiwa, ukamuuliza habari, akakujibu mbaya. Anakujibu nzuri, halafu ndiyo anakwambia. Ukweli unakuja nyuma."

Profesa hakuwa mtu wa kupuuza hoja.

"Nakuamini," alisema. "Lakini nikilifuta neno lao la kwanza kwa kuwa wewe unalijua la pili, nitakuwa nimewapendelea. Nchi nyingine hazina mtu kama wewe wa kuzieleza. Je, ni haki nchi isaidiwe kwa kuwa ina Eliwaza?"

Jibu lilimjia Eliwaza siku tatu baadaye, akipiga mswaki, na lilikuwa jibu zuri sana, ila Profesa alikwisha kupanda ndege.

Matokeo yakatangazwa. Sangale ilipata alama nne katika mia. Hapajawahi kupatikana nchi imara kama hiyo. Kwa upande wa pili, nchi moja ya kaskazini iitwayo Velmark, yenye nyumba zenye joto na barabara zilizonyooka, ilipata alama tisini na moja. Wananchi wake walipoulizwa habari za nyumbani walijibu "mbaya". Walipoulizwa habari za mvua walijibu "mbaya mno", na walipoulizwa habari za safari wengine walikumbuka treni, wakashindwa kuendelea na mahojiano. Baraza lilisikitika sana. Velmark ikajengewa kile ilichokihitaji kuliko vyote, yaani paa la kufunika bwawa la bata katika bustani ya mji mkuu, ili bata wasiloane.

Kwa siku moja Waziri Kasimbazi alimtafuta mtu wa kumtumbua. Siku ya pili Mtukufu Rais alitangaza mapumziko ya kitaifa, akalihutubia taifa kwa saa tatu kuhusu ushindi wa alama nne, na mabango yakapanda nchi nzima: SANGALE IMARA, DUNIA IMETHIBITISHA. Siku ya tatu Waziri alikiri kwa unyenyekevu kwamba mkakati wote ulikuwa wake. Wizara ikabadilishwa jina ikawa Wizara ya Uimara na Matarajio. Watumishi hawakuhamishwa. Ghorofa ya pili tu ilibandikwa kibao kipya, na badala ya "Mafuriko" ikaandikwa "Neema ya Maji".

Cheti cha Baraza kilipofika, iliamuliwa kitundikwe mahali palipoongoza kwa uimara. Hesabu ikapigwa, ikaonekana ni Bonde la Mirungwe, ambako hakupatikana mtu hata mmoja aliyekosa adabu. Mkuu wa Wilaya akachimbia nguzo palipopasuka tuta, akakitundika hapo.

*

Eliwaza akaomba likizo. Hakwenda popote. Alishuka stoo ya wizara, akayafungua madodoso elfu tisa moja baada ya jingine, akaanza kunakili yale yaliyoandikwa pembeni kwa penseli. Alidhani Tuvako alikuwa peke yake. Kumbe karibu makarani wote wa Sangale walikuwa watoto wa watu.

"Ila paa limekwenda."

"Ila tunalala kwa zamu."

"Ila amezaa juu ya mti, mtoto hajambo."

"Ila shule wameingia samaki, walimu wametoka."

"Ila tumezika wawili, wa tatu bado tunamtafuta."

Alifanya kazi hiyo kwa wiki tano. Mara nyingine alilazimika kusimama, akaegemea rafu, akalia kidogo, akaendelea. Zikapatikana kurasa mia saba. Akazibeba mwenyewe kwa ngazi mpaka ghorofa ya tisa, akizitua kila ghorofa ili apumue.

Waziri alifunua ukurasa wa kwanza, akaufunika haraka kama mtu aliyefungua mlango wa bafu lenye mtu.

"Bi. Eliwaza, unataka kulivua taifa nguo?"

"Nataka tuta, Mheshimiwa. Masika yamebakiza wiki tatu."

"Sheria unaijua. Rufaa inakatwa na nchi nyonge peke yake. Sisi si wanyonge."

"Ndiyo tunachokatia rufaa."

"Basi kwanza tuwe wanyonge, halafu tukate rufaa." Waziri alilainika. "Dada yangu, mimi naelewa uchungu wako. Hata mimi nina mama. Lakini mama yangu anaishi mlimani. Subiri awamu ya pili ya Kipimo, inakuja hivi karibuni."

Akasimama kuonyesha kwamba amemaliza. Vijana wanne wakaleta kiti.

Eliwaza akampelekea Profesa zile kurasa mia saba moja kwa moja. Majibu yalikuja upesi. Profesa aliandika kwamba amezisoma zote, kwamba hakula siku mbili, na kwamba kwa bahati mbaya maandishi ya pembeni hayapimiki. Hata hivyo asingeacha juhudi zile zipotee bure. Kwa kuwa "ila" nyingi zilizungumzia vifo, Baraza limekubali kuboresha Kipimo, na kwa heshima ya Bi. Eliwaza Mkangara litaongeza swali jipya katika Sehemu A ya awamu ya pili: "Habari za msiba?"

Eliwaza alicheka peke yake mpaka akakohoa. Kisha akaandika barua ndefu, akaituma, akajibiwa na mashine kwamba Profesa yuko likizo.

Mvua zikaanza mapema. Jumapili, baada ya ibada, akapiga simu nyumbani.

"Habari za huko, mama?"

"Nzuri, mwanangu."

"Habari za mto?"

"Nzuri."

Zamani hapo angehamia kwenye mambo mengine. Safari hii alingoja.

"Nzuri, ila nini, mama?"

"Ila nini tena?"

"Niambie ila. Tafadhali."

Simu ikanyamaza. Nyuma ya ule ukimya Eliwaza alisikia mlio mzito usiokatika, akadhani ni hitilafu ya mtandao.

"Ila unanguruma," mama alisema. "Lakini wewe usitie wasiwasi. Watu wanapanda kilimani kwa katekista, na mimi nawafuata. Umekula?"

Eliwaza akapanda basi jioni ileile. Daraja la kwanza lilikuwa limekwenda, la pili vilevile. Alifika Mirungwe siku ya tatu, kwa miguu, matope mapajani.

*

Walimweleza watu wa bondeni, kila mmoja kipande chake. Bi. Namsifu alikuwa amekwisha kupanda na wenzake. Alikuwa salama, amekaa kwa katekista, kanga mabegani. Akakumbuka kiti. Kile kiti chenye mito alikuwa hajakirudisha, kwa kuwa yule mgeni mrefu aliahidi kurudi, na asingependa arudi akose pa kukaa. Sasa aliona vibaya: yeye yuko kwa katekista, na kiti cha katekista kiko kwenye maji. Walimkataza. Alisema ni hapo tu, anakwenda na kurudi.

Maji yalipopungua walimkuta. Kiti hakikupatikana. Cheti nacho, na nguzo yake, na kipande kingine cha tuta, vyote vilikwenda.

Walizika Jumatano. Msiba uliwekwa kilimani, watu wakaketi kwenye mikeka. Siku ya Ijumaa ulikuja ujumbe kutoka Wizara ya Uimara. Waziri hakuweza kufika kwa sababu ya barabara, ila alituma hotuba isomwe: mto umekuja, mto umeondoka, Mirungwe ipo, na huo ndio uimara ambao dunia inauonea wivu. Eliwaza alisimama mbele za watu wote, akasema kwamba yeye ndiye aliyeziweka salamu zile kwenye dodoso, na kwamba anawaomba radhi. Watu wakamwambia akae, asijisumbue, uchungu unamsemesha ovyo.

Jumamosi asubuhi akatokea mtu akipanda kilima polepole, mkoba begani, matope mpaka kiunoni. Alikuwa Tuvako. Awamu ya pili ilikuwa imeanza. Akasimama kando ya mkeka, hakuthubutu kuukanyaga.

"Shikamoo dada. Poleni sana."

"Marahaba. Tumeshapoa, Tuvako."

"Wamenituma," alisema, na machozi yakamtoka. "Ningekataa. Ila wangemtuma asiyewajua."

"Uliza tu, kaka."

Akatoa dodoso jipya. Eliwaza aliliona tangu akiwa amekaa. Lilipigwa chapa vizuri zaidi kuliko la kwanza, na Baraza lilikuwa limerekebisha lile tatizo la penseli: maandishi yalianzia ukingo hadi ukingo, juu mpaka chini, na pembeni hapakubaki nafasi nyeupe hata ya kidole. Alikuwa na neno lake tayari, lile alilomwomba mama yake jikoni. Alilifanyia mazoezi usiku kucha ndani ya basi, na njiani kwenye matope, na usoni pa mama yake alipomfunika. Lilikuwa neno moja tu, na hapakuwa na mtu duniani aliyejua zaidi yake lilikuwa na uzito gani.

Tuvako alisoma maswali ya mwanzo, akajijibia mwenyewe ili asimsumbue. Akafika la mwisho.

"Habari za msiba?"

Akinamama wote mkekani walikuwa wakitazama. Mtu wa watu, katoka mbali, viatu vimepasuka, amesimama juani na hajapewa hata maji.

"Nzuri," Eliwaza alijisikia akisema. "Tunashukuru. Tumezika salama."

Tuvako akatia tiki. Kisha akatoa penseli mfukoni, akaigeuza karatasi huku na huku, akingoja.

"Ila..." alisema Eliwaza.

Akaiona penseli ikitafuta mahali pa kutua, ikakosa. Akawageukia akinamama.

"Jamani, mbona mgeni amesimama? Mtafutieni kiti."